Kifaa cha kubashiri kuanguka: alama sizitaki, chati nazitaka

Mama anaishi peke yake na habari ya kuhamia kwangu hataki hata kuisikia. Ndiyo maana nikamfungia mfumo huu: vihisi vidogo vya mwendo ukutani, kimoja chini ya godoro, na programu kwenye simu yangu inayotoa alama ya hatari ya kuanguka kila wiki. Kamera hakuna, ingekuwepo, asingekubali.

Alama yenyewe sioni kazi yake. Hupanda na kushuka bila kusema kwa nini. Wajukuu wakija, nyumba nzima inakuwa mbio, na programu inampongeza bibi yao kwa kuchangamka!

Utamu uko kwenye chati za usiku. Zilionyesha safari za chooni zinaongezeka, na kwamba kila akiamka anakaa muda mrefu ukingoni mwa kitanda. Nikamuuliza. "Nangoja kwanza nyumba iache kuzunguka," akanijibu, kana kwamba ni jambo la kawaida. Muuguzi akampima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama: namba ya juu ilishuka kwa zaidi ya 20, kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa ni tatizo. Tena dawa yake ya kukojoza alikuwa akiinywa jioni. Daktari akaihamishia asubuhi na kupunguza ile nyingine ya presha. Sasa usiku analala.

Kuna mengi kifaa hakioni: zulia lililojikunja pembeni, malapa yaliyolika, taa hafifu ya korido. Hayo utayaona kwa macho yako. Na kabla hujatoa hela, mpime kwanza mzee wako: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, mpeleke akaangaliwe.

Kilichoniudhi ni muuzaji kutosema wazi kwamba kubashiri si kugundua. Mama akianguka leo, mfumo huu haumpigii mtu simu, na kulala sakafuni saa nzima bila msaada kuna madhara yake hata kama mfupa haukuvunjika. Ilibidi nimnunulie kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni, kando kabisa.

Nyota tatu. Ya nne ningeitoa kama chati zingemfikia muuguzi moja kwa moja, badala ya mimi kupiga picha ya skrini kila mara.