Flat darasani: vijana wanne, skoa moja, sauti nne

Oya karibuni tena chaneli! Leo sipotezi muda na mambo ya kuweka nota na kuchagua ufunguo, hizo mnazijua, kila programu inafanya. Kuna kitu kimoja tu kwenye Flat, programu ya kuandika nota za muziki mtandaoni, nataka mkione, na nakipenda balaa.

Cheki skrini. Hii ni skoa moja, yaani ukurasa wenye nota za sauti zote, C meja, soprano, alto, tena, besi. Nimewatumia linki vijana wanne, kila mtu na kompyuta yake, kila mtu anaandika sauti yake humo humo kwenye skoa moja, wote kwa mpigo! Ubaoni anaandika mmoja darasa zima linasubiri. Sasa ona baa ya nne hapo, soprano kamalizia kwenye do ya juu, besi kabaki kwenye re. Napleyi... mmesikia hiyo? Zimegongana. Mimi nanyamaza. Haya, wa besi kashtuka mwenyewe, kaigusa nota yake, kaishusha, re imekuwa do. Tusikilize tena... aah, imetulia hiyo! Walimu wa kwaya mnajua kazi ya kumwelewesha kijana kwamba hapo pamegongana, hapa sikio lake limemwambia lenyewe.

Na nyie mnaoniuliza solfa kila siku, mimi naziandika kwenye mstari wa maneno ya wimbo, d r m chini ya kila nota, inakubali.

Shida ni bando. Inafanya kazi kwenye brauza, neti ikikata darasa limesimama. Mtandao wenu ukisuasua chukueni MuseScore, bure kabisa, ukishaishusha unaandika bila intaneti, ila huu utamu wa kuandika pamoja ndo mtaukosa. Noteflight nayo iko mtandaoni, akaunti ya bure skoa 10 tu, kwa mwalimu mwenye madarasa matatu zinaisha chap. Finale, programu nyingine ya nota, ndo hivyo tena, Agosti 2024 walitangaza wanaacha kuiendeleza, kwa hiyo jamani kila skoa toeni kopi ya MusicXML, faili ambalo programu nyingi za nota zinalifungua, mweke pembeni, msifungie kazi za watoto sehemu moja.

Bei sasa. Flat ya shule ni ya kulipia, inaungana na Google Classroom, tamu kweli, lakini mimi ningeanza na ya bure, vijana wanne wanne. Jumamosi niko laivu, tunaandika skoa pamoja, sabskraibu usipitwe, na kwenye komenti niambieni shuleni kwenu mna kompyuta ngapi nijue napangaje makundi.