mRDT ya HRP2: kipimo kizuri cha malaria, ukijua kinapima nini

Kaseti hii ya plastiki, mRDT yaani kipimo cha haraka cha malaria, inajulikana katika zahanati nyingi: tone la damu, matone ya bufa (kimiminika kinachokuja na kipimo), majibu ndani ya dakika 15 au 20. Haihitaji umeme wala hadubini, na kwa kazi ya kila siku tunaipa alama za juu. Lawama nyingi hutokana na kuitaka ijibu swali ambalo haikutengenezewa.

Homa huletwa na mwili wenyewe. Kila saa 48 hivi vimelea vya Plasmodium falciparum hupasua chembe nyekundu za damu na kumwaga mabaki yao. Seli za kinga ya asili zina vipokezi vya kuyatambua. Kimoja, TLR9, hutambua DNA. Zikishtuka hutoa kemikali kama TNF na IL-6, ubongo ukapandisha joto. Kipimo hakioni lolote kati ya hayo. Kinanasa protini moja tu ya kimelea, HRP2.

Na hapo ndipo penye doa lake kubwa, kwani HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya dozi kuisha. Bandama inahusika, tena kwa kufanya kazi yake vizuri. Mgonjwa akitibiwa kwa dawa za jamii ya artemisinini, bandama hukichopoa kimelea kilichokufa ndani ya chembe nyekundu, kisha huiachia chembe irudi kwenye mzunguko ikiwa bado na HRP2. Mtu kapona, mstari wa T, ule wa jibu, unatoka. Kwa aliyemaliza dawa karibuni tumia hadubini, au kipimo cha pLDH, kimeng'enya kinachotengenezwa na kimelea hai na kinachotoweka mapema zaidi.

Damu inayotakiwa kwa kawaida ni mikrolita 5, hadi alama ya kifaa cha kuchotea, basi. Ikizidi, dirisha hubaki jekundu na mstari hafifu hufichika humo. Shika chupa ya bufa wima ili matone yalingane, na fuata idadi iliyoandikwa kwenye pakiti hiyohiyo. Kila kampuni ina yake. Bufa ikiisha usiweke maji wala bufa ya kampuni nyingine, maana mstari wa uongo unaweza kutoka.

Soma kwa saa, si kwa makisio. Mstari wa T ukiwa hafifu namna gani, ni chanya. Mstari wa C, ule wa uhakiki, usipotoka, tupa urudie. Lakini C huonyesha tu kwamba kimiminika kimepita. Haithibitishi kuwa damu ilitosha, na wengi hukosea hapa. Fungua pakiti wakati mgonjwa yuko mbele yako, kwani unyevu huharibu karatasi ya ndani.

Hakifai pale vimelea vilipo vichache sana. Uhakika wake hupungua chini ya takriban 200 kwa mikrolita. Kile cha HRP2 pekee hakigundui Plasmodium vivax, aina nyingine ya kimelea cha malaria. Eritrea na Ethiopia kuna falciparum waliopoteza jeni ya HRP2, na kwao hutoa hasi ya uongo.

Jibu likiwa hasi na homa ipo, tafuta chanzo kingine: kifua, mkojo, masikio ya mtoto. Homa ikiendelea, pima tena. Mwenye degedege, aliyepoteza fahamu au anayetapika kila kitu apelekwe hospitali mara moja, mstari utoke usitoke.