Uzoefu wangu na bolomita ya superkondakta yenye antena, baada ya miaka miwili

Mwaka wangu wote wa kwanza wa masomo huku Ujerumani nilipima mawimbi ya terahetsi (yale yaliyo kati ya maikrowevu na infraredi) kwa seli ya Golay, chumba kidogo cha gesi inayovimba mawimbi yakiipasha joto. Ni kifaa kizuri na hakihitaji kupoozwa, ila kinasikia polepole: jambo likibadilika zaidi ya mara 20 hivi kwa sekunde, kinaachwa nyuma. Mimi nafanya kazi kwenye pete ya kuzungushia elektroni, ambako mafungu ya elektroni hufuatana kwa nanosekunde 2 na kutoa mawimbi hayo. Hapo seli ya Golay ni kama mzani wa samaki: unakupa uzito wa tenga zima, haukuambii samaki yupi mnono.

Ndipo tukanunua bolomita ya elektroni moto, yaani kipokezi kinachopima mawimbi kwa joto yanaloleta kwenye elektroni za superkondakta. Kinachofanya kazi ndani yake ni utando wa naitraidi ya niobiamu wenye unene wa nanomita 5 hivi na upana wa maikromita chache. Kwa macho huuoni. Umeshikwa katikati ya antena ya dhahabu iliyojisokota kama gamba la konokono, na nyuma yake kuna lenzi ya silikoni, kama gololi iliyokatwa nusu. Antena inakusanya mawimbi na kuyamwaga kwenye utando, ambao tumeuweka pale pale ukingoni ambapo hali ya kupitisha umeme bila ukinzani inakaribia kuvunjika. Joto kidogo tu likiingia, ukinzani unaibuka na volteji inabadilika. Elektroni zinapoa ndani ya makumi ya pikosekunde, na utando uko tayari kwa fungu linalofuata. Aina hii hii ndiyo iliyopokea masafa ya juu kabisa, terahetsi 1.4 hadi 1.9, kwenye kifaa cha HIFI cha darubini ya anga ya Herschel iliyorushwa mwaka 2009.

Siku ya kwanza kuiunganisha na osiloskopu, kifaa kinachochora volteji inavyobadilika, niliona kila fungu na kilele chake. Vingine vilikuwa vinapanda ghafla na kushuka, kwa sababu elektroni zikisongamana ndani ya umbali mfupi kuliko urefu wa wimbi, zinatoa mawimbi kwa pamoja na nguvu inakua kwa mraba wa idadi yake. Mwaka mzima nilikuwa nikipima wastani wa vurugu hiyo bila kuiona. Nilitoka maabara saa nne usiku, na sikutaka kutoka.

Sasa shida zake. Inahitaji heli kimiminika, Kelvini 4.2, na kuijaza ni kazi ya subira. Nimejifunza kuangalia moshi unaotoka kwenye tundu la gesi: ukikaza na kuwa kama ulimi mrefu mweupe, tangi limejaa. Pia antena ya aina hii inapokea masafa mapana mno. Bila kichujio dirishani ukipitisha kiganja mbele yake namba zinasogea, maana joto la mwili wako nalo ni mionzi.

Kilichoniuma zaidi ni umeme tuli. Mwezi Januari, hewa kavu, nimevaa sweta la sufu, nikachomoa kebo bila kuweka kifuniko cha kuunganisha ncha na ardhi. Nilipopitisha maikroampia moja kuikagua, hakuna kilichopita. Utando ulikuwa umekatika. Onyo kuhusu jambo hili lilikuwa ukurasa wa mwisho wa mwongozo, na hilo nawalaumu waliotuuzia; lilistahili kubandikwa juu ya boksi. Na usiikague kwa multimita ya kawaida, mkondo wake peke yake unaweza kuiua.

Bolomita ya pili ilikuja na lenzi iliyokaa pembeni kidogo ya antena. Kosa la sehemu ya kumi ya milimita lilitosha kuelekeza mwali, yaani upande ambao antena inasikia, nyuzi kadhaa kando, nami nikapoteza siku tatu nikilaumu vioo vyangu. Kabla hujalipa, dai karatasi ya kipimo cha mwali, si kipimo cha ukinzani peke yake.

Kama unachopima ni nguvu ya leza inayowaka mfululizo, baki na seli ya Golay. Heli ni ghali na kila siku utaigharimia. Kama unafuatilia mapigo mafupi, nunua hii, na uagize mbili kwa mpigo. Yetu ya tatu tuliisubiri miezi mitano, na muda wetu kwenye pete ukapita bila kipokezi.