Karilioni ya Mnara wa Bruges: Pipa la Shaba na Ngumi za Mpigaji

Kila robo saa, wimbo mfupi hushuka kutoka mnara wa Belfort ulioko Bruges, nchini Ubelgiji, na watu waliojaa uwanja wa Markt huinua vichwa kwa pamoja. Siku ya kwanza niliamini kwamba nimekwisha kuisikia karilioni maarufu ya mji huo, yaani kengele nyingi za mnarani zinazopigwa na mtu mmoja kama ala moja ya muziki, kumbe nilichokuwa nimesikia ni mashine tu, na tofauti kati ya mashine hiyo na mpigaji wa kweli ndiyo iliyonifanya nirudi kusikiliza kwa siku tatu mfululizo.

Mashine yenyewe inastahili kuonwa. Mnara una urefu wa mita 83, na katika kupanda vidato vyake 366, ambavyo huzidi kuwa vyembamba kadiri unavyokwenda juu, utapita karibu na pipa kubwa la shaba lililoundwa mwaka 1748, lenye matundu mengi ya mraba yaliyochomekwa vipini vya chuma. Ukifika hapo, usiendelee kupanda kabla robo saa haijatimia. Pipa huanza kuzunguka polepole, vipini vikainua nyenzo moja baada ya nyingine, nyenzo zikavuta nyaya, na huko juu nyundo zikazigonga kengele kwa nje. Nilisikia kwanza mikwaruzo mikavu ya chuma, kisha wimbo ukafuata juu ya kichwa changu. Pipa halikosei hata noti moja, ila kila pigo lina nguvu ileile, kwa hiyo wimbo hupita bila kuvuta pumzi.

Mpigaji ni jambo jingine kabisa. Yeye huketi mbele ya safu za vijiti vya mbao na kuvipiga kwa ngumi iliyolegezwa, huku miguu yake ikikanyaga pedali za kengele kubwa, na kila kijiti kimeunganishwa kwa waya na ulimi wa kengele yake, hata akigusa kwa upole kengele nayo hujibu kwa upole. Kengele zote ni 47, na 26 kati yake zilitengenezwa na fundi wa kengele Joris Dumery katika karne ya 18. Kwa kuwa hakuna kitu cha kuukata mlio, kengele nzito huendelea kuvuma noti nyingine zinapoingia. Katika wimbo mmoja wa taratibu, mpigaji aliacha mvumo wa kengele ya chini ufifie hadi karibu kuisha, ndipo akazirudia zile ndogo za juu kwa mapigo ya haraka kama matone ya mvua. Sijasikia pipa likifanya hivyo.

Nyimbo za furaha zilinishangaza zaidi. Ndani ya mlio wa kengele mna sauti ya pili ambayo sikio huipokea kama huzuni, na hata ufundi wa kukwangua shaba kwa ndani ili sauti zipatane, ambao ndugu wawili wa Hemony, mafundi wa kengele walioshirikiana na mwanamuziki kipofu Jacob van Eyck waliufikisha mbali katika karilioni ya Zutphen, Uholanzi, mwaka 1644, haukuiondoa sauti hiyo bali uliiweka mahali pake. Kwa hiyo wimbo wa kuchezea ngoma hutoka mnarani ukiwa na majonzi kidogo, nami nauona huo kuwa uzuri wake mkubwa. Nyimbo zenye noti nyingi nzito zilizorundikana ndizo zilizonichosha, kwani hugeuka mvumo mtupu.

Wakati wa tamasha, usisimame uwanjani, ambako kwato za farasi wa magari ya watalii na mazungumzo ya watu huzimeza kengele ndogo. Ingia katika ua wa ndani ulio chini ya mnara, au tembea mitaa miwili mitatu ukifuata mfereji, mpaka kengele kubwa na ndogo zisikike kwa uzito unaolingana.