HP LaserJet P2055dn: printa inayostahili kuongezewa memori, kwa masharti

HP LaserJet P2055dn si toleo jipya, lakini kwa ofisi ya chama cha msingi cha ushirika hapa Tabora, ambako msimu wa masoko ya tumbaku huleta stakabadhi, orodha za malipo na ramani za mashamba kwa wakati mmoja, naiona bado inastahili nafasi yake mezani, ilimradi memori yake, yaani sehemu inayoshikilia kazi wakati wa kuchapishwa, ipangwe ipasavyo.

Hutoka kiwandani ikiwa na megabaiti (MB) 128, na inaweza kuongezewa kadi hadi kufikia jumla ya MB 384. Kwa barua na orodha za maandishi matupu kiasi cha awali kinatosha kabisa. Ramani na picha ndizo zinazoibana. Ukurasa mmoja wa A4, ukichapishwa kwa nukta 600 kwa inchi, una nukta zipatazo milioni 35, na kuzihifadhi kunahitaji zaidi ya MB 4; ubora ukipandishwa hadi 1200, hitaji hilo huongezeka mara nne. Kwa hiyo, kabla ya chama kutoa fedha ya kadi, ningeshauri ubora urudishwe 600 kwanza, maana mkulima anayesoma malipo yake hatanufaika na nukta za ziada.

Atakayeamua kuongeza anunue kadi ya memori ya aina ya DDR2 yenye pini 144. Ile ya kompyuta mpakato, yenye pini 200, haiingii, hata muuzaji akisema nini. Printa izimwe na waya wa umeme uchomolewe kabla ya kuifungua, kisha, ikishawashwa, uchapishwe ukurasa wa taarifa za mashine, ambao huonyesha jumla ya memori inayotambuliwa.

Ukurasa huo ukisoma vizuri, kazi bado haijakwisha. Printa inaweza kujua kwamba imeongezewa memori huku kompyuta ikiendelea kuihesabu kwa kiasi cha zamani. Kwa anayetumia draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa) ya HP Universal Print Driver, kiasi hicho kimo kwenye sifa za printa, katika mipangilio ya kifaa. Usanidi wa kiotomatiki hukisoma kutoka kwenye mashine yenyewe, nami naupendelea. Usipofanikiwa, kichaguliwe kwa mkono, na kamwe kisizidi kile kilichochapishwa kwenye ukurasa wa taarifa, kwa sababu draiva iliyodanganywa inaweza kutuma kazi ambayo printa haiwezi kuibeba.

Tukumbuke pia kwamba memori hii haihifadhi kitu umeme ukikatika, hivyo kazi iliyokuwa ikisubiri ndani yake italazimika kutumwa upya, hata kadi iwe kubwa kiasi gani.

Mashine hii huunganishwa na mtandao wa ofisi, na kila kompyuta yenye draiva yake inahitaji kurekebishwa peke yake, kuanzia ya karani hadi ya mhasibu.