TAHADHARI: Mashine ya "ozoni" ya kutibu kifua, Mtwara

Ndugu zangu wa Kusini, hela za korosho zimeanza kuingia na hawa jamaa nao wameingia. Walipanga chumba karibu na stendi hapa Mtwara: koti jeupe, mashine yenye taa za buluu, na maneno matamu kwamba gesi ya ozoni "inaosha mapafu". Pumu, kifua sugu, hata mapafu yaliyoachwa na makovu ya TB, eti kwisha kwa vikao kumi. Kikao elfu 40; ukilipa kwa mkupuo, laki tatu na nusu.

Mjomba wangu alilipa kwa mkupuo. Kifua chake ni cha miaka mingi, na kupulizia salfa kwenye mikorosho bila barakoa kumekizidishia. Wakamvalisha kinyago akavuta ile gesi. Anasema ilinuka kama hewa baada ya radi. Akakohoa mpaka machozi, wakamwambia huo ni uchafu unatoka. Kibaya zaidi, wakamkataza pampu yake ya kuvuta dawa. Kikao cha tatu tu, usiku tukamkimbiza hospitali ya Ligula, mtu hawezi kumaliza sentensi bila kuhema.

Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili. Kule juu angani inatukinga na mionzi ya jua, sawa, lakini ukiivuta inachubua njia ya hewa na kuamsha pumu. Kwamba inaua vijidudu ni kweli. Ila kiasi cha kuviua kinapita mbali kile anachoweza kuvumilia binadamu. Kanuni za FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, zinaiita gesi ya sumu isiyo na matumizi ya tiba yanayojulikana.

Nilipowauliza kibali cha TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, cha hiyo mashine, nikajibiwa haihitaji kwa sababu ni tiba asili. Tiba asili inayochomekwa kwenye soketi!

Mwenye pumu asiache pampu. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili akapime makohozi. Vipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali.

Hela hatujarudishiwa, simu yao haipatikani, chumba kina kufuli. Juzi nimeambiwa wameonekana wakiulizia fremu Tandahimba. Mwenye mzee wa kifua huko ampigie leo.