Sindano ya mviringo ya mianzi: uzoefu wangu kwenye kofia za watoto njiti

Ukifuma kofia ya mtoto mchanga kwa sindano mbili zilizonyooka, unapata kipande bapa, kisha lazima ushone pande mbili zikutane. Mtu mzima hausikii mshono huo kichwani. Mtoto njiti ana ngozi nyembamba mno, na kofia haimtoki kichwani mchana wala usiku, kwa hiyo mshono unamwachia alama. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nitafute sindano ya mviringo, inayofuma kofia kwa kuzunguka bila mshono, na ndiyo kazi ninayoipimia hapa, ingawa tangu niipate imefuma mengi mengine nyumbani kwangu.

Niliyonunua ni ya mianzi, unene wa milimita 4, urefu wa sentimita 80 ukipima kutoka ncha moja hadi nyingine. Ni vijiti viwili vifupi vilivyounganishwa kwa kamba nyembamba ya plastiki. Nililipa shilingi 12,000 hapa Mbeya, bei inayozidi mara mbili ya jozi ya chuma ya kawaida. Kwa mtu anayefuma kwa mapenzi tu, hiyo si hela ndogo. Nimeitumia msimu mzima wa baridi, na ningeinunua tena leo.

Kwanza niseme kuhusu urefu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanauliza. Dukani utaambiwa sindano ya kofia ni ya sentimita 40. Kwa kofia ya mtu mzima ni kweli. Lakini kofia ya njiti ina mzingo wa kama sentimita 25, na vitanzi vyake haviwezi kuzunguka kamba ya 40 bila kuvutwa hadi vikatanuka. Ya 80 inafaa kwa sababu kamba yake ndefu unaweza kuichomoa katikati ya vitanzi ikafanya kikunjo: nusu ya vitanzi inakaa mbele, nusu nyuma. Unafuma nusu ya mbele, unageuza, unavuta kamba, unafuma nusu nyingine. Siku za kwanza mikono haielewi ianzie wapi. Ikishazoea, sindano hiyohiyo moja inafuma soksi, mkono wa sweta, kofia ya babu na shali, na hununui nyingine kwa kila saizi ya kichwa.

Kofia yangu ya njiti ni vitanzi 56 kwa uzi wa unene wa kati, ule unaotoa takriban vitanzi 22 kwa sentimita 10. Naanza na ukingo unaovutika, vitanzi viwili vya uso (upande laini) na viwili vya mgongo (upande wenye vinundu), mrefu kiasi cha kukunjwa, kwa sababu kichwa cha mtoto kitakua na ukingo utakunjuliwa. Halafu uso mtupu hadi juu, kisha napunguza sehemu nane kwa mzunguko, mzunguko mmoja ndiyo, mmoja hapana, hadi vibaki vitanzi vichache vya kuvutwa pamoja. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake naanza na vitanzi 72. Sitii kibonge cha manyoya juu, sitii utepe wala matundu ya mapambo. Kidole cha mtoto hakichelewi kunasa.

Hayo ya matundu na mshono sikuyajua kitabuni. Katika kikundi chetu, kinachofumia watoto njiti wa wodini, yumo mama aliyekaa wodini na mwanawe mdogo kuliko mkono wake. Alikuwa amembeba kifuani ngozi kwa ngozi, mtoto kavaa nepi, soksi na kofia tu. Malezi hayo ya kangaruu yalianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokuwa na uhaba wa mashine za kuwatunzia watoto joto, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza yaanze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37 au wenye uzito chini ya kilo 2.5. Yeye alikuwa anahesabu saa hizo. Ndiye aliyetuambia kofia kubwa inateremka machoni, mama akisinzia kidogo anaamka mtoto amefunikwa uso. Ndiye aliyetuambia pia juu ya mshono. Tangu hapo, kofia yoyote inayotoka kwetu inapita mikononi mwake kwanza. Anaigeuza ndani nje, anapitisha kidole, na akikunja uso tunajua.

Tunakutana Jumamosi jioni barazani kwa mmoja wetu, kila mtu na mfuko wake. Hapo ndipo nilipoiona sindano hii kwa macho ya mwingine. Tuna bibi mmoja ambaye alijifunza kufuma kwa spoki za baiskeli, nne, zilizonolewa kwenye jiwe pande zote mbili. Alifuma soksi za mviringo zisizo na mshono kabla sijazaliwa, na spoki zake anazo mpaka leo. Nilipomwonyesha kitu changu aliniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, hii inanizidi nini?" Nikamwachia aende nayo nyumbani. Ilikuwa Julai, na asubuhi ya Julai hapa chuma kinauma vidole. Jumamosi iliyofuata alikuja na kofia mbili zimekamilika. "Haina baridi," akasema. Mianzi haipoozi vidole kama chuma, na ni myepesi, na kwa mtu mwenye viungo vinavyouma huo si unafuu mdogo. Ile sindano sikuidai. Ninayoandikia hapa ni ya pili, aina ileile, duka lilelile.

Jambo moja alilolalamikia bibi ni rangi. Mianzi ni ya manjano hafifu. Ukifumia uzi mweupe au wa maziwa jioni, vitanzi havionekani. Sisi tunampa nyuzi za bluu na za damu ya mzee, nyeupe tunachukua wenye macho.

Kwenye daladala sindano hii haina mpinzani. Viwiko vinakaa mbavuni, hakuna kijiti kirefu cha kumchoma jirani, na ukishuka haraka unavuta kamba, vitanzi vyote vinalala juu yake bila kuponyoka. Hata ukiiangusha, inaanguka nzima. Shali kubwa nayo uzito wake unalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye mikono.

Kasoro zipo. Kamba hutoka kwenye pakiti imejikunja kama chemchemi na hukataa kunyooka. Itumbukize kwenye maji ya moto dakika chache, inyooshe, iache ipoe hivyo. Inabidi kurudia kila ikikaa muda mrefu kwenye mfuko. Tatizo kubwa zaidi ni pale kamba inapoungana na mti. Sindano ya rafiki yangu, ya bei nafuu kutoka duka jingine, ina kijidaraja pale ambacho kinakamata uzi kila mzunguko, na baada ya muda kiungo kililegea kabisa akabaki na kijiti mkononi na vitanzi sakafuni. Kabla hujalipa, pitisha ukucha juu ya kiungo. Ukucha ukikwama, uzi utakwama. Na mianzi ya bei rahisi hutoa vijinyuzi kwenye ncha. Msasa laini kabisa unatosha kuirudisha.

Angalia pia namba. Soma milimita tu. Maelekezo ya zamani ya Kiingereza tuliyorithi yanasema "namba 8" yakimaanisha milimita 4, na kwa hesabu hiyo namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Wamarekani wanahesabu kinyume: namba 8 yao ni milimita 5. Kofia ya vitanzi 56 kwa milimita 5 itakuwa kubwa mno kwa mtoto njiti.

Uzi ninaotumia kwa wodi ni akriliki laini, uzi wa kiwandani usio wa sufu, ninaonunua sokoni Mwanjelwa. Sufu halisi ina joto zuri zaidi, na sweta za wanangu nazifuma kwa sufu nikiipata, lakini nguo za wodi zinafuliwa kwa maji ya moto, na sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa inagandamana na kusinyaa. Akriliki inavumilia kufuliwa. Isipigwe pasi tu, maana inalainika na kulala bapa, wala mvutiko wa ukingo haurudi. Kabla ya kupeleka, tunafua zote kwa sabuni isiyo na manukato, tunaanika juani, tunafunga kwenye mifuko safi kwa saizi. Na tunamuuliza kwanza muuguzi wa zamu anachohitaji. Kuna wakati walikuwa na kofia za kutosha, wakataka soksi, tukafuma soksi.

Mwezi huu wameomba kofia ndogo zaidi ya zile za 56. Nitajaribu vitanzi 48 kwa milimita 3.5, na nimeshaagiza sindano ya mianzi ya unene huo, urefu wa sentimita 80 vilevile.